Wamisionari Wamormoni katika inchi za Skandinavia

Tarehe 14 ya mwezi wa ine, mwaka 2019, Wamormoni waliweka wakfu hekalu lao la kwanza katika inchi yetu, huko Kinshasa. Aliyeongoza sala ya siku ile alikuwa Dale G. Renlund, mmoja wa wale kumi na wawili ambao wao huwaita mitume. Mtu huyu ni daktari wa moyo. Alizaliwa Salt Lake City, Marekani, mwaka 1952. Baba yake alitoka Finlandi na mama yake Uswidi. Tangu mwaka 2009 mpaka 2014 alikaa Johannesburg akiwa mmoja wa wakubwa wa kanisa lake kwa sehemu ile ya Afrika ambamo Kongo ilikuwa ndani. Lakini kabla ya hayo yote, tangu 1972 mpaka 1974, alikuwa kijana wa kubisha hodi katika milango ya Uswidi.

Twataka kueleza hapa kazi ile ya kubisha hodi: ni nani wanaoifanya, wanaishi namna gani, nayo inazaa nini. Pengine msomaji wa Bunia atauliza: Uswidi na sisi, wapi na wapi? Tujibu hivi. Katika miaka hii ya vita ndugu zetu wengi wa Kivu na wa Ituri walikimbilia makambi ya Uganda na ya inchi nyingine jirani, kisha wengine wakapelekwa mbali zaidi, na Norwe na Uswidi ni kati ya inchi zilizowapokea. Mtu ni mgeni, hajui bado luga ya mahali, hakuna jirani anayemsalimu. Siku moja anasikia mlango wagongwa. Anakuta vijana wawili wenye shati jeupe na tai, wanamchekea, wanamwuliza habari za watoto wake. Atawafukuza? Hata kidogo. Atawapa kiti. Na kisha miezi michache mama yake aliyebaki huku anamwendea katekista wa shirika lake: Mtoto wangu amebatizwa mara ya pili huko Ulaya, sasa yeye ni mkristu wa namna gani? Katekista lazima awe na jibu.

Jina kamili la watu hawa ni Kanisa la Yesu Kristu la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Joseph Smith alilianzisha tarehe 6 ya mwezi wa ine, mwaka 1830, katika jimbo la New York. Alisema malaika alimwonyesha mabamba ya zahabu, naye akatoa humo Kitabu cha Mormoni. Ndiyo maana watu wakawapa jina la Wamormoni. Yeye aliuawa mwaka 1844, na wafuasi wake wengi, chini ya Brigham Young, walihamia jangwa la Utah mwaka 1847. Huku kwetu serikali ya Zaire iliwakubali mwaka 1986, na leo hesabu yao katika Kongo imepita watu 100.000, hasa katika miji mikubwa sawa Kinshasa na Lubumbashi. Mafundisho yao yote hatutayaeleza. Hiyo ni kazi ya mwalimu wa teolojia.

Mwanzo wa kazi yao kule kaskazini

Skandinavia ni Denmark, Norwe na Uswidi. Wengi huhesabu Finlandi pamoja nazo. Majina haya si mageni kwetu. Dag Hammarskjöld, mkubwa wa Umoja wa Mataifa aliyekufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola mwaka 1961, wakati wa vita vya Katanga, alikuwa mtu wa Uswidi. Wapentekoste wa Uswidi walifika Kivu tangu miaka ya 1920. Na Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, mwana wa mchungaji Mpentekoste, alipokea zawadi ya Nobel ya amani kule Oslo, mji mkuu wa Norwe, mwaka 2018. Basi inchi zilizotuma wamisionari kwetu, hizo nazo zilipokea wamisionari kutoka Marekani, tena mapema zaidi.

Erastus Snow na wenzake walifika Copenhagen katikati ya mwaka 1850. Kati yao mmoja, Peter O. Hansen, alikuwa mzaliwa wa Denmark, na mwingine, John Forsgren, mzaliwa wa Uswidi. Hawakuchagua Denmark kwa bahati. Katiba mpya ya mwaka 1849 ilikuwa imewapa watu wa inchi ile uhuru wa dini, hata ikiwa kanisa la Kiluteri lilibaki kanisa la serikali. Upande mwingine wa bahari mambo yalikuwa magumu. Forsgren alifukuzwa Uswidi mwaka uleule. Katika Norwe wamisionari walitiwa gerezani, na mwaka 1853 baraza kuu la sheria la inchi ile liliamua kwamba Wamormoni si wakristu, kwa hiyo sheria iliyolinda wakristu wasio Waluteri haiwahusu. Kazi iliendelea hata hivyo. Kitabu cha Mormoni kilitolewa kwa Kidenmark mwaka 1851. Hiyo ndiyo luga ya kwanza ya kigeni waliyokitafsiria.

Yafaa tutazame vizuri kilichofuata, kwani ni jambo la ajabu katika historia ya misioni. Wakati ule Wamormoni walifundisha kwamba mwamini anapaswa kuhamia Sayuni, maana yake Utah. Basi kila aliyebatizwa aliuza shamba lake, ao aliweka akiba ya safari miaka na miaka, akapanda meli. Tangu 1850 mpaka mwanzo wa miaka ya 1900 watu karibu 30.000 waliondoka hivi katika Skandinavia. Fikirieni padri anayefundisha, anabatiza, na kila akishabatiza anaona wakristu wake wanafunga mizigo! Kadiri alivyofanya kazi vizuri, ndivyo misioni yake ilivyobaki tupu. Vijiji kadhaa vya Utah vilijaa majina ya Kidenmark, na kule Denmark wakabaki wachache wa kuanza upya. Wakubwa wao waliona hasara hiyo, wakaanza katika karne ya ishirini kuwaambia waamini wabaki kwao na kujenga kanisa katika inchi yao. Wakajenga na mahekalu: karibu na Stockholm mwaka 1985, Copenhagen 2004, na katika Finlandi, karibu na Helsinki, 2006. Lakini mti uliong'olewa mara nyingi haukui upesi. Mpaka leo katika kila moja ya inchi hizi tatu, Denmark, Norwe na Uswidi, Wamormoni hawafiki 10.000.

Maisha ya kila siku

Mmisionari Mmormoni si padri kama sisi tunavyofahamu neno hilo, wala si mtu aliyesoma teolojia miaka mingi. Ni kijana aliyetoka sekondari. Mvulana anaweza kwenda akiwa na miaka 18 (mpaka 2012 ilikuwa 19), naye anafanya miaka miwili. Wasichana nao wanakwenda, kwa miezi 18. Mwaka 2012 umri wao ulishushwa kutoka 21 mpaka 19. Mwishoni mwa mwaka 2024 wamisionari hawa walipita 70.000 katika dunia nzima. Mvulana huitwa kwa cheo ambacho katika vitabu vyao vya Kiswahili ni "Mzee". Huku Ituri mtu hupata jina la mzee kwa mvi zake na kwa shauri lake. Kule analipata kwa barua, na ndevu bado.

Barua hiyo ndiyo inayomwonyesha inchi atakayokwenda. Yeye hachagui. Mmoja anatamani moyoni inchi ya jua, barua inasema Norwe, naye anafunga safari. Kwanza anapita katika nyumba ya mafunzo. Kubwa kuliko zote iko Provo, katika Utah. Huko anajifunza muda wa wiki chache luga na namna ya kufundisha, kisha anatupwa katikati ya watu wanaosema upesi kuliko mwalimu wake. Mapadri wetu wa zamani watakumbuka amri ya Kardinali Lavigerie: mmisionari asimame katika luga ya wenyeji upesi, asitegemee mkalimani. Katika jambo hili Wamormoni na Mapadri Weupe wameona ukweli mmoja, bila kuulizana.

Mshahara hakuna. Kijana mwenyewe, jamaa yake ao wenzake wa kanisa wanatoa feza kila mwezi kwa ajili ya posho na nyumba. Wazazi wengi huanza kuweka akiba mtoto akiwa bado mdogo.

Wanakaa wawili wawili, kama vile Bwana wetu alivyowatuma wanafunzi wake. Lakini wao wanaishika kanuni hii kwa ukali mkubwa: mmisionari haachani na mwenzake mchana wala usiku. Wanalala chumba kimoja, wanakula pamoja, wanatoka pamoja. Mmoja akiugua, mwingine anabaki nyumbani. Mwenzake hakumchagua. Pengine ni mtu mpole, pengine ni mtu wa kununa tangu asubuhi, na lazima wapatane, kwani kesho tena ni yeye. Kisha wiki kadhaa mkubwa wa misioni anawabadilisha. Lavigerie, alipoanzisha shirika lake huko Algiers mwaka 1868, aliamuru watatu, wasipungue kamwe. Sisi twaona hesabu ya watatu ina akili zaidi: wawili wakigombana, wa tatu yupo. Tena watatu ni nyumba, na wawili ni safari tu.

Kwa desturi wanaamka saa kumi na mbili na nusu, wanasali, wanasoma masaa ya asubuhi, halafu wanatoka mpaka jioni. Saa ine na nusu usiku taa inazimwa. Hakuna mchumba, hakuna filamu wala michezo ya ovyo. Siku moja katika juma ni ya kufua, kununua chakula na kuandikia jamaa. Mpaka mwanzo wa 2019 waliruhusiwa kusema na wazazi kwa simu mara mbili tu kwa mwaka, Noeli na siku ya kuheshimu mama. Tangu hapo wanaweza kila juma. Mseminari wetu atatambua hapa mambo mengi anayoyajua.

Jambo asilolijua ni giza. Bunia iko karibu na mstari wa ikweta, jua letu linatoka na kushuka saa kumi na mbili, mwaka mzima. Stockholm, katika mwezi wa kumi na mbili, jua linachomoza karibu saa tatu ya asubuhi na kuzama kabla ya saa tisa ya mchana. Tromsø, katika kaskazini ya Norwe, halichomozi kabisa muda wa wiki nyingi. Kijana anakwenda kwa miguu ao kwa kinga juu ya barafu, vidole havisikii kitu, na ni usiku ingawa saa inasema mchana. Katika mwezi wa sita ni kinyume: hakuna usiku wa kulala.

Na milango? Watu wa kule hawana ukali. Anayefungua anasema: Hapana, asante, anafunga polepole. Mlango wa pili vilevile, na wa hamsini vilevile. Katika manyumba makubwa ya gorofa mlango wa chini una namba ya siri, hata kufika kwenye ngazi haiwezekani. Wengi walibatizwa utotoni katika kanisa la Kiluteri, lakini hawaendi kusali, nao huona kwamba habari za Mungu hazisemwi na mgeni mlangoni. Hawabishani, hawatukani. Mwaka 1852 waliwatia wamisionari gerezani. Leo wanawashukuru na kufunga. Sijui kama msomaji ataona lipi ni zito zaidi. Sisi twafikiri ni la pili, kwa sababu anayekufunga gerezani amesikia neno lako, na anayekuambia asante hakulisikia.

Mara chache wanakaribishwa ndani, na hapo inakuja kahawa. Watu wa inchi hizi ni kati ya wanywaji wakubwa wa kahawa katika dunia, na kikombe ndicho heshima ya nyumba. Lakini Mmormoni hanywi kahawa, wala chai, wala pombe, wala havuti tumbako. Lazima akatae zawadi kabla ya kuanza kusema habari njema yake. Wenzetu wa Mahagi wanaolima kahawa wataona ugumu huo bila kuelezwa.

Basi ni nani anayefungua mlango kabisa? Mara nyingi ni mgeni kama wao: mkimbizi, mfanya kazi aliyetoka mbali, mwanafunzi. Hata Kanisa Katoliki kule limejaa wageni. Anders Arborelius, mzaliwa wa ukoo wa Kiluteri, aliyeingia Kanisa letu mwaka 1969 na kufanywa kardinali mwaka 2017, wa kwanza wa Uswidi, alikuwa askofu wa Stockholm. Na jimbo hilo ni Uswidi nzima. Inchi nzima, jimbo moja! Ndugu yetu aliyepelekwa katika mji mdogo wa kaskazini anaweza kuwa mbali sana na padri, lakini wale vijana wawili wako katika njia yake.

Inazaa nini?

Wako wanaorudi kisha miaka miwili wamebatiza mtu mmoja, na wako ambao hakuna hata mmoja. Mfanya biashara angefunga duka. Kwa nini wao wanaendelea kutuma? Twadhani ni kwa sababu mavuno ya kwanza ni kijana mwenyewe. Aliyekataliwa mara elfu kwa upole, akatoka tena kesho yake, hatatikisika upesi. Amejua luga, amejua kukaa na mwenzake asiyempenda, amesoma kitabu chake kila asubuhi. Anaporudi anaoa, anapata kazi, na kanisa lake linampa madaraka bila mshahara, kwani maaskofu wao, maana yake viongozi wa kusanyiko la mahali, ni walei wenye kazi zao. Renlund alirudi kutoka Uswidi akasoma udaktari. Miaka zaidi ya makumi ine baadaye akasimama Kinshasa.

Hatusemi kwamba yote ni mazuri. Wako wanaovunjika moyo na kurudi kabla ya wakati, wagonjwa wa mwili ao wa roho, na mara nyingi wanaona haya mbele ya jamaa na jirani. Kijana wa miaka 18 hana mzizi wa kutosha kwa kila dhoruba. Tena jambo moja latusumbua zaidi: haraka ya ubatizo. Masomo yao kabla ya kubatiza huweza kwisha katika wiki chache. Lavigerie aliweka miaka mine ya ukatekumeni, na wazee wetu wa vikariati ya Ziwa Alberti, iliyofanywa jimbo la Bunia tarehe 10 ya mwezi wa kumi na moja, 1959, walijua uzito wa kanuni ile. Wengi walinung'unika. Lakini mtu aliyengoja miaka mine alikuwa amebadilisha desturi ya nyumba yake, ndoa yake na namna yake ya kuzika wafu, mbele ya macho ya kijiji. Mtu aliyengoja wiki tano amebadilisha nini? Pengine rafiki tu. Na rafiki akipelekwa mji mwingine na mkubwa wake, imani nayo inabaki bila mwenyeji.

Mambo ya kujua katika parokia

Turudi kwa yule mama na swali lake. Tarehe 5 ya mwezi wa sita, 2001, baraza la Roma linaloangalia mafundisho ya imani liliulizwa kama ubatizo wa Wamormoni ni halali. Lilijibu: hapana. Wengine walishangaa, kwani Wamormoni wanatumia maji na wanataja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Lakini chini ya majina hayo wanaelewa kitu kingine. Kwao Baba ana mwili wa nyama na mifupa, na hawa watatu ni watatu walio mbalimbali, wenye umoja wa shauri. Si Mungu mmoja katika Nafsi tatu. Maneno ni yale, imani si ile.

Kwa hiyo Mmormoni anayetaka kuingia kwetu hupita katika ukatekumeni na kubatizwa kama mtu asiyebatizwa bado, bila maneno ya sharti. Lakini mtoto wa yule mama alibatizwa huku, katika Kanisa Katoliki: ubatizo wake haufutiki. Maji aliyotiwa kule Norwe hayakuongeza kitu wala kuondoa alama ya kwanza. Akitaka kurudi, hatabatizwa tena; atapokewa kwa kitubio, na padri atamwongoza. Mama aambiwe hivi waziwazi, tena aambiwe asikate mazungumzo na mtoto wake.

Iko pia habari ya vitabu vya parokia. Wamormoni hubatiza watu walio hai kwa niaba ya wafu, na kwa ajili hiyo wanakusanya majina ya ukoo katika dunia nzima, kwa uangalifu mkubwa. Mwaka 2008 baraza la Roma linaloshugulika na mapadri liliomba maaskofu wasiruhusu vitabu vya ubatizo kupigwa picha ao kunakiliwa kwa kazi ile. Mgeni mwenye adabu akifika na mashine yake kuomba kitabu cha zamani, paroko ampeleke kwanza kwa askofu.

Mwisho, ndoa. Barua inafika kutoka ng'ambo: msichana wa parokia anaomba cheti cha ubatizo apate kufunga ndoa. Cheti apewe, ni haki yake. Lakini paroko aulize bwana arusi alibatizwa wapi. Akiwa alibatizwa na Wamormoni tu, si ndoa ya mkatoliki na mkristu wa kanisa lingine. Ni ndoa na mtu asiyebatizwa, ambayo kanuni 1086 inaikataza pasipo ruhusa. Ruhusa hiyo huombwa kwa askofu, nayo isipotolewa kabla ya arusi, ndoa haisimami. Paroko amwandikie padri wa kule mapema.